Amplifaya ya Besi na Vyombo vya Kusikilizia Muziki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wa aina mbili. Yuko mpiga gitaa la besi wa bendi, kwaya au kanisa anayetaka ampli yake mwenyewe, na yuko msikilizaji anayetaka rumba au taarab yake isikike vizuri sebuleni badala ya kuunguruma tu. Tumewachanganya makusudi, kwa sababu shida yao ni moja: sauti nene ndiyo ngumu kuliko zote kutolewa na spika, na ndiyo inayouzwa kwa uongo mwingi zaidi.

Ninunue ampli ya wati ngapi?

Swali hili huja la kwanza, na lingefaa liwe la tatu. Kwanza jiulize utapigia wapi na utapiga na nani. Pili tazama boksi la spika. Ndipo uzungumzie wati.

Kwa makadirio: chumbani peke yako, wati 15 hadi 40 zinatosha kabisa. Mazoezini na mpiga dramu mwenye adabu, wati 100 zikiwa na boksi zuri zinakufikisha. Bendi kamili yenye dramu, tumba na magitaa mawili, katika ukumbi ambao besi haipiti kwenye mitambo (mixa na spika kubwa za ukumbi), fikiria 300 hadi 500. Kama mitambo ndiyo inayobeba besi kwenda kwa watu na wewe unataka kujisikia tu jukwaani, 100 hadi 200 zinatosha.

Mpiga solo mwenye wati 30 anaweza kumfunika mpiga besi mwenye wati 100, na mpiga besi akadhani ameuziwa ampli mbovu. Si mbovu. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kiasi hicho. Ili isikike sawa na solo lazima hewa nyingi zaidi isukumwe, na kuisukuma kunakula nguvu.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawaitaji. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kuumiza kichwa kati ya ampli ya wati 200 na ya 250 ni kupoteza jioni bure. Soma badala yake karatasi ya boksi, pale palipoandikwa desibeli kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Boksi la desibeli 100 likipewa wati 100 linatoa sauti sawa na boksi la desibeli 94 lililopewa wati 400. Wati 300 zimeokolewa kwa kuchagua boksi tu, na hela ya kuzinunua imebaki mfukoni.

Sabufa yangu imeandikwa wati 8000. Mbona inazidiwa na ampli ya wati 100?

Kwa sababu hizo 8000 ni za PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika. Kila kiwanda hupiga hesabu yake na kuchapa namba inayouza. Kipimo cha kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa mfululizo bila kukwaruza.

Geuza sabufa usome kibandiko cha umeme nyuma. Kama inakula wati 60 ukutani, haiwezi kutoa 8000 mfululizo, wala hata 100. Umeme hauzaliani ndani ya boksi. Tahadhari moja: ampli za kitaalamu mara nyingi huandikwa matumizi ya wastani kwa muziki wa kawaida, kwa hiyo ampli halali ya wati 500 inaweza kuonyesha namba ndogo kuliko hiyo. Kwa sabufa ya elfu nane, hata hivyo, hakuna wastani utakaoiokoa.

Naweza kuchomeka besi kwenye sabufa ya nyumbani, au kwenye ampli ya gitaa la solo?

Unaweza, kwa sauti ndogo, na kwa muda. Muziki uliorekodiwa umeshabanwa na kusawazishwa studio. Besi mbichi haijabanwa: kidole kikiteleza au ukipiga uzi kwa dole gumba, spika inarushwa mbele ghafla, na koili (waya uliosukwa unaosukuma koni ya spika) iliyozoea muziki wa flashi inaweza kugonga nyuma ikaharibika. Isitoshe, tundu la nyuma la sabufa halikutengenezwa kwa ajili ya gitaa lisilo na betri, kwa hiyo sauti inatoka imefifia kama iliyofunikwa blanketi. Ukilazimika, pitisha kwanza kwenye pedali yenye priampu (kikuza sauti kidogo cha kutangulia) au kwenye mixa ndogo, na usiguse nobu ya besi ya sabufa.

Ampli ya solo nayo inavumilia mazoezi ya chini chini, basi. Safari ya kinyume, gitaa la solo kwenye ampli ya besi, haina madhara: kampuni ya Fender walitoa ampli yao ya Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa lao jipya la besi, lakini wapiga gitaa la kawaida ndio waliong'ang'ania matoleo yake ya baadaye, na kule London Marshall wakajenga ampli yao ya kwanza, JTM45, kwa kufuata sakiti yake.

Spika ya inchi 10, 12 au 15? Inchi 15 si ndiyo yenye besi nzito?

Si lazima. Kinachoamua boksi linashuka hadi wapi ni spika yenyewe pamoja na ukubwa na muundo wa boksi, si kipenyo peke yake. Inchi 10 mbili zilizo kwenye boksi lililopigiwa hesabu vizuri zinaweza kuishinda inchi 15 iliyowekwa kwenye boksi la kubahatisha. Na maboksi ya kubahatisha tunayo mengi: fundi seremala anapima kwa macho, anatoboa tundu la hewa popote palipopendeza, kisha anapaka rangi nyeusi. Tundu lile lina hesabu yake. Likikosewa, boksi linavuma kwenye noti moja na kunyamaza kwenye nyingine.

Mfano mzuri ni boksi maarufu la kampuni ya Ampeg la spika nane za inchi 10, lililokuja na ampli yao ya SVT ya mwaka 1969. Ni boksi lililofungwa, halina tundu la hewa, lina uzito wa zaidi ya kilo 60, na kwa vipimo vya Ampeg wenyewe sauti yake imeshaanza kuporomoka ikifika karibu 58 Hz, yaani mitetemo 58 kwa sekunde. Yaani E ya chini, 41 Hz, haitoi kwa nguvu kamili. Lakini nani amewahi kusimama mbele yake akalalamika kwamba halina besi? Noti ya E haiji peke yake. Inakuja na 82 Hz, 123 Hz na kuendelea juu, na ubongo ukizisikia hizo hujaza wenyewe ile ya chini. Ndiyo maana unaitambua besi ya wimbo hata kwenye redio ndogo ya jikoni.

Hili linawahusu pia wenye gitaa la nyuzi tano. Uzi wa B hutetema karibu mara 31 kwa sekunde. Usitafute boksi linalotoa 31 Hz kwa nguvu. Ni kubwa, zito na ghali. Tafuta boksi linalotoa 60 Hz na 90 Hz bila kukoroma, na B itasikika.

Omu ni nini, na nichunge nini nikitaka kuongeza boksi la pili?

Omu hupima ukinzani ambao boksi linauonyesha umeme unaotoka kwenye ampli. Namba ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi unavutwa. Nyuma ya ampli utaona maneno kama «wati 500, omu 4». Maana yake nguvu hiyo inapatikana kukiwa na mzigo wa omu 4, na kwa kawaida hiyo ndiyo namba ya chini kabisa inayoruhusiwa. Ukiweka boksi moja la omu 8, ampli hiyo hiyo itatoa labda 300 au 350.

Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa kawaida, kila moja na waya wake kutoka kwenye ampli, yanakuwa omu 4. Hapo sawa. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2, na ampli isiyoruhusu omu 2 itapata moto, itajizima, au itaungua. La 8 pamoja na la 4 yanakuwa kama omu 2.7, na boksi la omu 4 linabeba mzigo mara mbili ya mwenzake. Mchanganyiko huu ndio unaoua ampli nyingi za kuazimana kwenye shughuli: kila mtu amekuja na boksi lake, fundi mitambo anachomeka yote yawake.

Ukinunua boksi lako la kwanza ukiwa na nia ya kuongeza jingine, nunua la omu 8. Likija la pili lenye omu 8 unapata nguvu yote ya ampli, na juu ya hapo eneo la spika linaongezeka maradufu. Mpiga besi aliyeongeza boksi anasikika zaidi kuliko aliyeongeza wati.

Kombo, au hedi na boksi vilivyotengana?

Kombo ni ampli na spika ndani ya boksi moja; hedi ni ampli peke yake, isiyo na spika. Kama unapanda daladala, matatu au bodaboda na vyombo vyako, kombo ndogo, mjadala umefungwa. Kama una usafiri au unapigia mahali pamoja, tenganisha. Hedi ikiharibika unaazima nyingine, na boksi linabaki.

Valvu, transista au klasi D?

Ampli ya valvu, yaani ile yenye taa za kioo ndani, ina utamu wake, hasa ikisukumwa hadi ianze kukwaruza kidogo. Ampeg B-15 ya mwaka 1960 na SVT ndizo zilizofundisha masikio ya wengi besi inapaswa kusikika vipi. Lakini hedi ya SVT ya wati 300 inabebwa na watu wawili, valvu zake huchakaa, ni ghali na ni za kuagiza, na ampli ya valvu haiwashwi kamwe bila boksi kuchomekwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Transista za zamani, zenye transfoma kubwa ndani, ni nzito lakini fundi yeyote mzuri anaweza kuzifungua na kuzielewa. Hii si sifa ndogo ukiwa Tabora au Kisumu.

Klasi D ndizo hedi za siku hizi zenye kilo mbili au tatu na wati 500. Hazipotezi umeme mwingi kwa joto, kwa hiyo hazihitaji mabati mazito ya kupoza wala mkoba mkubwa, na zinafaa pale umeme wa jua au jenereta dogo ndio uliopo. Udhaifu wake ni kwamba vifaa vyake ni vidogo vidogo mno na vimebanana. Bodi ikifa, mara nyingi inabadilishwa nzima. Kwa anayepiga kila wiki na kubeba mwenyewe, tunapendekeza klasi D. Ukikaa kijiji ambacho fundi wa karibu ni safari ya siku nzima, transista ya zamani iliyo nzima bado ni ununuzi wa akili.

Kanisani tayari kuna mitambo. Nahitaji ampli kweli?

Huenda huhitaji. Unahitaji kiboksi cha DI. Hiki hupokea sauti ya gitaa na kuigeuza iweze kusafiri makumi ya mita kwenye waya wa maiki hadi kwenye mixa bila kuokota mivumo njiani. Chenye umeme ndani hutumia betri au hupata volti 48 kutoka kwenye mixa. Kisicho na umeme hakihitaji chochote. Ampli nyingi za besi zina DI yake kwa nyuma, tundu la XLR (la waya wa maiki), na hapo huna haja ya kununua kingine.

Wapo wanaoona kupiga bila ampli ni unyonge. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alirekodiwa sana kwa kuchomekwa moja kwa moja kwenye mixa. Hakuna aliyemwona mnyonge.

Shida ya njia hii ni kujisikia. Bila spika ya jukwaani iliyokuelekea utakuwa unapiga kwa imani tu. Ongea na mtu wa mitambo kabla ya ibada, si katikati ya pambio. Na kwenye ampli yako kukiwa na swichi ya «pre» na «post», iweke «pre»: hapo ukigeuza nobu zako jukwaani hubadilishi kinachosikika kwa waumini, na yeye hatakuwa na sababu ya kukununia.

Nikiwa nyumbani besi yangu ni tamu, nikifika kwenye bendi inapotea. Kwa nini?

Kwa sababu umeipangia chumba. Nyumbani, kwa sauti ndogo, sikio halisikii vizuri sauti za chini wala za juu kabisa. Jambo hili lilipimwa na kuchapishwa na Fletcher na Munson tangu 1933. Basi unapandisha besi, unapandisha treble, unashusha katikati, na inapendeza. Ukifika kwenye bendi na kuongeza sauti, sikio sasa linasikia besi ile yote uliyoiongeza, nayo inagongana na dramu kubwa, wakati katikati, ambako noti zako zinatambulikana, umeshapaondoa.

Anza upya. Weka nobu zote katikati. Punguza kidogo sehemu ya 200 hadi 300 Hz kama sauti ni ya tope. Ongeza kidogo kati ya 500 na 800 Hz. Ukiwa peke yako utaona ni sauti ya pua, haina raha. Bendi ikiingia utashangaa kila noti inasikika. Katika benga, ambako besi inajibizana na solo badala ya kukaa nyuma yake, au kwenye sebene, mahali hapo pa katikati ndipo wimbo ulipo. Ukipaondoa, wachezaji wanabaki na mtikisiko usio na noti.

Mtazame pia mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto ukiwa chini kabisa, anapiga besi kama wewe, mara nyingi noti tofauti kidogo na kwa wakati tofauti kidogo. Hakuna ampli ya bei yoyote itakayotibu hilo. Mwombe kwa upole aupandishe oktavu moja.

Na inua kombo. Sauti za katikati na za juu husafiri moja kwa moja kutoka kwenye spika. Ampli ikiwa sakafuni zinaishia kwenye mashavu ya miguu yako. Iweke juu ya kiti imara au iinamishe ikutazame usoni. Wapo watakaokuambia usogee mbali kwa sababu wimbi la E lina urefu wa mita 8 na linahitaji nafasi «kukomaa». Si kweli; lingekuwa kweli, hedifoni zisingetoa besi hata chembe.

Gitaa langu lina betri. Nichomeke tundu lipi?

Lenye betri hutoa sauti yenye nguvu zaidi, kwa hiyo tumia tundu lililoandikwa «active», ambalo hupunguza kidogo. Kama sauti ni dhaifu, hakuna kitakachoharibika ukitumia lile jingine. Shusha geini (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia) tu. Chomoa jeki kwenye gitaa ukimaliza, la sivyo betri ya volti 9 itakwisha ikiwa imelala kwenye mkoba.

Waya wa gitaa unaweza kutumika kuunganisha boksi?

Usijaribu. Kwa nje zinafanana, zote zina jeki, lakini waya wa gitaa ni mwembamba na umezungushiwa kinga ya mivumo, wakati waya wa spika una nyaya mbili nene. Wati mia kadhaa zikipita kwenye waya wa gitaa, waya huo utapata joto, sauti itapungua, na siku mbaya utashoti na kuichukua ampli pamoja nao. Boksi likiwa na tundu la Speakon (plagi ya spika inayojifunga), tumia hilo. Halichomoki mtu akijikwaa. Waya wa gitaa nao usiwe mrefu bila sababu: mita 3 hadi 6 zinatosha.

Nimeona ampli iliyotumika kutoka Japani au Marekani, bei nzuri. Ninunue?

Soma volti kwanza. Japani ni 100, Marekani ni 120, na kwetu Afrika Mashariki ni kati ya 220 na 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Baadhi zina swichi ya kubadili volti nyuma au zinakubali 100 hadi 240 zenyewe. Hizo hazina shida. Nyingine zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo iwe na uwezo unaozidi matumizi ya ampli, si ile ndogo ya redio. Pigia hesabu bei ya transfoma na uzito wake kabla hujafurahia bei ya ampli.

Kuhusu kuikagua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na gitaa lako na usikubali kusikilizishwa wimbo wa simu. Piga E ya chini polepole na uiache ife yenyewe, ukisikiliza kama kuna kitu kinachokoroma. Zungusha kila nobu. Zikikwaruza kidogo ni vumbi, dawa ya kusafishia ipo. Sukuma koni ya spika taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikisugua ndani, koili imepinda. Mita ikisoma kama omu 6 kwenye boksi la omu 8 ni kawaida kabisa, usidanganywe kuwa lina hitilafu. Isiposoma chochote, koili imekatika. Kwa vyombo vilivyokaa Pwani tazama sponji ya ukingo wa koni na skrubu. Unyevu na chumvi vinakula vyote viwili. Boksi la mbao za kubana likiwa limevimba kona, acha.

Ampli inavuma, na nikigusa maiki kwa mdomo napigwa shoti. Ni nini?

Mvumo peke yake mara nyingi ni suala la ati, yaani waya wa umeme unaokwenda ardhini. Shoti ya mdomoni ni suala la uhai. Ampli na mitambo vimechomekwa kwenye umeme wenye ati tofauti, au mmoja hauna ati kabisa, na mwili wako ukishika nyuzi za gitaa na kugusa maiki ndio unaokamilisha njia. Zima. Chomeka ampli na mixa kwenye ekstensheni moja yenye ati ya kweli. Mtu akikushauri ukate mguu wa ati kwenye plagi ili mvumo uishe, mkatalie hata kama ni mkubwa kwako. Kwa mvumo, viboksi vya DI vina swichi ya kutenganisha ati kwenye waya wa sauti, na hiyo ni salama.

Kwenye jenereta, washa ampli baada ya jenereta kutulia na uizime kabla halijazimwa. Kinga ya umeme ya friji au tivii inafaa pia kwa ampli.

Mimi si mpigaji, nasikiliza tu. Ninunue sabufa ya vipande vitatu au spika mbili kubwa?

Kwa bei ile ile, tunachagua spika mbili nzuri na ampli ndogo ya stirio. Sabufa nyingi za bei nafuu zina boksi moja linalovuma kwenye noti moja, kwa hiyo kila besi inasikika sawa: huwezi kutofautisha mpigaji wa bendi ya Msondo na wa Sikinde. Lakini kama unapenda singeli na sherehe za uani, hayo hayatakusumbua, na sabufa ni jibu halali.

Kabla hujanunua chochote kipya, hamisha ulichonacho. Spika ikiwa kwenye kona, besi inaongezeka kwa nguvu. Ikisogea nusu mita kutoka ukutani inapungua na kusafika. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvumisha karibu 43 Hz, jirani kabisa na F ya chini ya besi, kwa hiyo kila wimbo wenye F utatetemesha madirisha na E inayofuata itaonekana imekonda. Kuta za tofali na sakafu ya saruji hurudisha kila kitu. Zulia, kochi, pazia nzito na kabati lililojaa vitabu husaidia sauti za juu na za katikati, ingawa kwa besi nene msaada wake ni mdogo. Hapo dawa ni kuhamisha spika, au kuhamisha kiti chako. Usikae katikati kabisa ya chumba.

Bluetooth inaharibu muziki?

Inapunguza, lakini si kwa kiasi ambacho wengi wanadhani. CD hubeba kilobiti 1411 kwa sekunde. Mfumo wa kawaida wa Bluetooth, SBC, hubeba karibu 328, na LDAC, mfumo mwingine wa Bluetooth, hufika 990. Kwa spika ndogo ya jikoni hutasikia tofauti. Kinachoharibu zaidi ni wimbo wenyewe: umegeuzwa kuwa mp3 ya 128, ukachomwa kwenye CD, ukageuzwa tena, ukaingia kwenye flashi ya dukani. Kila ugeuzaji unapoteza kitu, na hakirudi hata ukinunua spika ya milioni.

Kwa mpigaji, kanuni ni tofauti. Usifanye mazoezi ya besi kwa hedifoni za Bluetooth. Sauti inachelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na vidole vyako vitaanza kuikimbiza. Tumia za waya.

Hedifoni zilizoandikwa «extra bass» zinafaa?

Kwa raha, ndiyo. Kwa kujifunza mistari ya besi, hapana. Zinanenepesha kila kitu na kuficha noti.

Masikio yangu yanalia baada ya shughuli. Ni kawaida?

Ni kawaida kutokea, si kawaida kupuuzwa. Kipimo cha kazini kinachotumika na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo jukwaa la bendi hufikia bila taabu, unabaki na dakika 15. Onyesho la dansi linaenda hadi alfajiri. Vizibo vya masikio vya wanamuziki havikati besi. Vinashusha vyote kwa pamoja, na baada ya nyimbo mbili tatu unasahau umevivaa. Kaa pia mbali na matoazi ya mpiga dramu. Hayo ndiyo yanayoanza kukuumiza, si ampli yako.

Spika yangu imepasuka. Nitupe?

Usitupe. Koni iliyochanika kidogo inazibwa kwa karatasi nyembamba na gundi isiyokauka ngumu, na itapiga miaka. Koili iliyoungua inasukwa upya au inabadilishwa pamoja na koni. Mafundi wa kazi hiyo wapo karibu kila mji mkubwa. Kwa spika ya jina yenye sumaku nzima, gharama inalipa. Kwa spika ya sabufa ya bei rahisi, nunua nyingine.

Ila kwanza ujue ilikufaje. Kama koili ni nyeusi na inanuka moshi, ilipewa wati nyingi kuliko uwezo wake, au ampli ilikuwa inakwaruza kwa muda mrefu. Ampli ikisukumwa kupita kiasi hutoa nguvu zaidi ya ile iliyoandikwa. Kama koili ni safi lakini imepinda au koni imeng'oka, iliruka mbali mno, na hapo aliyehusika ni nobu ya besi iliyokaa mwisho kabisa. Mweleze fundi ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu akikufungia koili ile ile na nobu ikabaki pale pale, mtaonana tena mwezi ujao.